Tangi la mvuke la korosho: kwenye uso wa mviringo unafunga nini hasa?

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Wakuu, habari za kazi. Nina swali limenikalia siku tisa na msimu wa korosho unakaribia.

Karakana yetu iko Chikongola, hapa Mtwara mjini. Kazi yangu kubwa ni vifaa vya wabanguaji wadogo: mashine za kukatia, trei, matanuri ya kukaushia. Mwaka huu kikundi kimoja cha akina mama kimeniomba tangi la mvuke. Kwa wasioijua kazi hii: korosho ghafi haikatwi hivihivi. Huingizwa kwenye tangi, mvuke ukafunguliwa, ganda likalainika, kisha huachwa ipoe na kukauka ndipo ikatwe. Bila hivyo kokwa nyingi huvunjika, na mafuta ya ganda huwachubua wakataji vidole.

Sitaki kulijenga kwa kukisia, na sababu ninayo. Msimu uliopita nilikwenda kijiji kimoja cha Tandahimba kurekebisha trei, nikakuta tangi la fundi mwingine lina ufa wa urefu wa kidole. Haukuwa kwenye mshono wa mlango wala wa mwili. Ulikuwa chini, pale ncha ya tandiko inapoachana na tumbo la tangi. (Tandiko ndicho kile kiti cha chuma chenye mkato wa mwezi mchanga ambacho tangi hulazwa juu yake, huwa viwili.) Ulikuwa umeshachomelewa mara mbili na umefunguka tena palepale. Akina mama walikuwa wanakata korosho hatua nne kutoka hapo, mmoja ana mtoto mgongoni. Nilipouliza nikaambiwa ni uchomeleaji mbaya. Nimeutazama ule uchomeleaji kwa karibu. Ulikuwa mzuri.

Tangi langu ni silinda iliyolala: kipenyo mm 1,200, urefu mm 2,600, pleti ya mm 6, chuma laini cha kawaida. Mvuke wa bar 2, yaani MPa 0.2, na joto lake ni karibu nyuzi 133. Matandiko mawili, kila moja mm 300 kutoka mwisho wa silinda, kila moja limekumbatia tangi kwa nyuzi 120.

Nimechora kwa FreeCAD (programu ya kuchora) na hesabu nimeipeleka CalculiX (programu ya kukokotoa mkazo). Nimechagua zile nyuso mbili za mviringo zinazokalia matandiko, nikazifunga kabisa: X sifuri, Y sifuri, Z sifuri. Nikaweka presha ndani, nikapandisha joto kutoka 30 hadi 133. Katikati ya uso uliofungwa mkazo umetoka MPa 350 na kitu. Kwenye kingo zake, 420. Nikapunguza ukubwa wa vipande vya meshi (vipande vidogo ambavyo programu hukatia mchoro ili ihesabu) kuwa nusu, kingo zikapanda hadi 530. Nikapunguza tena, 660. Chuma changu kinaanza kulegea kwenye 240 hivi. Kwa hesabu hii tangi lingeharibika kabla halijapika gunia la kwanza, wakati matangi ya namna hii naona yanafanya kazi miaka mingi.

Nikaona labda nimefunga mno, nikafunga juu-chini peke yake. Programu ikagoma, tangi likasafiri kilomita kadhaa kwenye skrini.

Kwa hiyo nauliza: kwenye uso wa mviringo unafunga nini? X, Y na Z zina maana gani mahali ambapo uso wenyewe unageuka kila hatua?

Mwanafunzi wa uhandisi, Lindi mjini

Dada pole na kazi. Niko mwaka wa tatu kwa hiyo nisahihishwe nikikosea. Ile ya kingo nadhani ni kawaida: mahali nodi (pointi vipande vya meshi vinapoungana) iliyofungwa kabisa inapopakana na nodi iliyo huru, mkazo hauna kikomo kwenye hesabu. Kila ukikaza meshi utapanda tu, hauna namba ya kufikia. Soma mkazo ulio mbali kidogo na ukingo, kama unene wa pleti mara mbili hivi, ile ya ukingoni uiache.

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Asante sana mdogo wangu, ya kingo nimekuelewa. Ila ile 350 ya katikati haihami. Nimebadili meshi mara tatu, iko palepale. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, maana siwezi kuisingizia kingo.

Mstaafu wa Mikindani

Binti, nimesoma swali lako mara mbili. Nimefanya kazi na mabomba na matangi tangu ujana, hesabu za elementi (ndivyo hivyo vipande vya meshi) nilijifunza ukubwani, na kosa hili nililifanya mimi kabla yako.

Chukua kalamu. Chuma laini hutanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Wewe umekipandisha nyuzi 103. Kwa hiyo kila milimita ya pleti inataka kurefuka kwa milimita 0.001236. Zidisha kwa ugumu wa chuma, MPa 200,000, unapata 247. Lakini hukukizuia upande mmoja tu, umekizuia pande zote mbili za pleti, urefu na mzingo, kwa hiyo gawa kwa 0.7. Unapata 353.

Hiyo ndiyo 350 na kitu yako. Ndiyo maana haihami ukibadili meshi. Haina uhusiano wowote na presha, wala na korosho, wala na matandiko unayotaka kuyajenga. Umeiambia programu kwamba tumbo la tangi limegandishwa kwenye mwamba usiopata joto na usiosogea hata unywele, nayo ikakutii.

Sasa jiulize chuma chenyewe kinataka kufanya nini. Presha peke yake inalitanua tangi kutoka kitovuni kwenda nje kwa kama mm 0.05. Ni kitu kidogo. Joto linalitanua kwa mm 0.74, karibu mara kumi na tano. Na kati ya tandiko na tandiko, ambako una mm 2,000, tangi linataka kurefuka karibu mm 2.5. Ukiyaweka mezani unaona kwamba adui wako wa kwanza ni joto, na adui huyo anakuwa na nguvu pale tu unapomnyima nafasi.

Kuhusu X, Y na Z. Watu wakisimama duara kuzunguka ngoma, ukiwaambia wote "sogeeni kaskazini hatua moja", duara zima linahama na ngoma inabaki nje. Ukiwaambia "kila mtu arudi nyuma hatua moja", duara linatanuka. Maneno ni machache vilevile, lakini la pili kila mtu analifuata kwa upande wake mwenyewe. Tangi linalopata joto linafanya hilo la pili. X, Y na Z ni kaskazini, mashariki na juu. Hazimfai mtu aliyesimama kwenye duara. Unahitaji pande tatu zinazogeuka pamoja na uso: kutoka kitovuni kwenda nje, kuzunguka mzingo, na kufuata urefu wa tangi.

CalculiX inalijua jambo hili. Kuna kadi (mstari wa amri kwenye faili la hesabu) inaitwa *TRANSFORM, aina C, C ya silinda. Unaipa kundi la nodi na pointi mbili zilizo kwenye mhimili wa tangi. Kuanzia hapo, kwa nodi zile, upande wa 1 ni kwenda nje, wa 2 ni kuzunguka, wa 3 ni kufuata mhimili. FreeCAD nayo ina kizuizi chake cha kugeuza pande, utakikuta kwenye menyu ya vizuizi vya mitambo. Chagua cha silinda.

Kisha usifunge kila kitu. Kwenye nyuso zote mbili za matandiko funga upande wa 1 tu, yaani tangi lisididimie ndani ya tandiko. Upande wa 2 uachie, pleti iteleze kuzunguka mzingo kadiri inavyotaka, isipokuwa mstari mmoja wa nodi chini kabisa, kwenye mgongo wa tandiko. Hapo funga upande wa 2 ili tangi lisijizungushe kama gurudumu. Upande wa 3 ufunge kwenye tandiko moja tu, na hata hapo kwenye safu moja ya nodi katikati ya upana wake, siyo uso mzima. Tandiko la pili liachie urefu. Ukifunga hivyo tangi haliwezi kukimbia, haliwezi kujizungusha, na joto lina pa kwenda.

Nina swali moja kwako. Presha uliiweka vipi? Na meshi yako ina vipande vingapi kuzunguka duara?

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Shikamoo mzee. Nimeirudia hesabu yako kwenye daftari, 353 kamili, nikaenda kwenye skrini nikabonyeza katikati ya uso: 353. Nimekaa nikaitazama namba hiyo muda mrefu. Siku tisa nilikuwa natafuta kosa kwenye meshi.

Presha niliiweka kwenye uso wa ndani kwa kizuizi cha presha, mshale unaonyesha nje. Vipande kuzunguka duara ni 24, elementi za kawaida zisizo na nodi za katikati.

Mstaafu wa Mikindani

Marahaba binti.

Presha umeiweka vizuri. Inausukuma uso wa kila kipande kwa pembe mraba bila wewe kuhesabu pembe. Nimewaona watu wanaigawa presha kuwa nguvu za X na Z kwa mkono, nodi kwa nodi. Usije ukafanya hivyo.

Lakini 24 ni chache. Ukikata duara vipande 24 vilivyonyooka, katikati ya kila kipande pleti inakuwa imezama ndani ya duara la kweli kwa mm 5.1. Pleti yako ni mm 6! Umechora tangi la pembe 24, na kila pembe inapinda ikisukumwa na mvuke, mkazo wa kupinda ambao kwenye silinda ya kweli haupo. Kwa vipande 72 kosa linashuka hadi mm 0.6. Vizuri zaidi tumia elementi zenye nodi za katikati, ambazo zinaweza kuinama na kufuata mviringo. Ila hakikisha hizo nodi za katikati zimekaa kwenye mviringo wenyewe na siyo kwenye mstari ulionyooka. Zipo programu za meshi zinazoweza kuziacha kwenye mstari usipoziambia, na hapo hujapata kitu. Zisogelee kwa karibu, utaona kwa macho.

Na kwa kuwa pleti ni nyembamba, mm 6 kwa nusukipenyo cha 600, ungeweza kutumia elementi za ganda badala ya elementi nene. Sikulazimishi. Ukibaki na nene, zile zisizo na nodi za katikati zinakuwa ngumu mno kupinda, na sehemu unayoitaka wewe, kwenye ncha ya tandiko, ni sehemu ya kupinda.

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Mzee, nimefanya kama ulivyosema. Vipande 72, nodi za katikati, nimezitazama moja moja kwenye ukingo, ziko kwenye mviringo. Nimefunga upande wa 1 kwenye matandiko, wa 2 kwenye mstari wa chini, wa 3 kwenye safu moja ya tandiko la kushoto.

Mkazo wa katikati ya uso umeshuka sana, lakini sasa tangi limepata umbo la ajabu. Pale kwenye matandiko pande mbili za tumbo zinapanda huku na huku zikifunguka kama miguu ya mtu aliyechutama. Haliwi duara tena. Kwenye ncha za matandiko mkazo ni 290. Nimeangalia *TRANSFORM imo kwenye faili, nimeiona kwa macho yangu.

Karakana ya vyuma, Masasi

Dada, samahani naingilia. Sifuri yako ya mchoro iko wapi?

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Iko sakafuni. Nilianza kuchora na msingi wa matandiko, kwa hiyo sifuri iko chini, kati ya matandiko mawili. Mhimili wa tangi uko mm 1,050 juu ya hapo.

Karakana ya vyuma, Masasi

Na zile pointi mbili za *TRANSFORM uliandika ngapi?

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Ya kwanza 0, 0, 0. Ya pili 0, 1000, 0.

Nimeshaona. Mhimili nimeuweka sakafuni.

Karakana ya vyuma, Masasi

Ndiyo. Programu imeamini kitovu cha duara kiko sakafuni, kwa hiyo "kwenda nje" kwake ni karibu na juu moja kwa moja. Mwelekeo ule siyo wa uso wako. Kila nodi umeifunga kwa pembe isiyo yake, ndipo tumbo likateleza kwa mshazari. Weka 0, 0, 1050 na 0, 1000, 1050.

Niongeze jambo moja lililonipotezea wiki nzima mwaka jana, kwenye ngoma ya mashine ya kuchanganyia. Mimi sichagui nyuso kwenye mchoro, naandika faili kwa mkono na kuchagua nodi kwa umbali kutoka kwenye mhimili: zote zilizo kwenye nusukipenyo fulani, kwa uvumilivu wa sehemu ya kumi ya milimita. Nodi zangu za katikati zilikuwa kwenye mstari ulionyooka, kama alivyosema mzee, kwa hiyo zilikuwa ndani ya duara kwa zaidi ya nusu milimita na hazikuchaguliwa hata moja. Nodi moja imefungwa, inayofuata iko huru, inayofuata imefungwa. Picha ya mkazo ilikuwa na madoadoa kama kanga. Siku hizi kabla ya kutatua nahesabu nodi zilizo kwenye kundi na kuzilinganisha na idadi ninayoitegemea. Dakika mbili tu.

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Kaka Mungu akubariki. Nimebadili namba mbili tu na tangi limetulia.

Nawaandikia matokeo kwa sababu nataka mnihakiki. Kwanza niliondoa joto nikabakiza presha peke yake. Katikati ya tangi, mbali na matandiko, mkazo wa kuzunguka mzingo ni 20 na wa kufuata urefu ni 10. Kwa kalamu: 0.2 mara 600 gawa kwa 6 ni 20, na nusu yake ni 10. Ule mkazo wa jumla (von Mises, unaochanganya pande zote kuwa namba moja) programu inaonyesha 17.3, nao unalingana. Sikuwahi kufurahia namba ndogo namna hii. Kisha nikarudisha joto: katikati imebaki vilevile, ila tangi limenenepa, kwenda nje mm 0.79.

Nilipotaka kusoma mkazo wa mzingo mwanzoni nilichanganyikiwa, maana kwenye orodha kuna mkazo wa X na wa Z. Nikagundua kwamba juu kabisa ya tangi mzingo unaelekea X, ubavuni unaelekea Z, na kati yake ni mchanganyiko. Nimesoma pointi ya juu na ya ubavuni tu. Mdogo wangu wa Lindi, hili lizingatie, sikufundishwa darasani.

Bado kwenye ncha za matandiko kuna mkazo unaopanda nikikaza meshi.

Mstaafu wa Mikindani

Vizuri sana. Sasa tangi unaliamini pale ambapo kalamu inafika. Tuende pale ambapo kalamu haifiki.

Kufunga upande wa 1 bado ni uongo mdogo. Nodi iliyofungwa haiwezi kuingia ndani ya tandiko, na hiyo ni kweli. Lakini pia haiwezi kuinuka kutoka kwenye tandiko, na hiyo si kweli kama tangi limelazwa tu. Tena tandiko lenyewe linapata joto upande wa juu na linapinda. Ncha unayoihofia ndipo uongo huo unapouma zaidi, kwa sababu hapo ndipo uso uliofungwa unakwisha ghafla.

Dawa ni kuusogeza mpaka. Lijenge tandiko lenyewe ndani ya mchoro, pleti zake zote, mbavu zake, mpaka bamba la chini lenye matundu ya bolti. Masharti yako yaweke huko chini kwenye bamba, ambako uso ni bapa na X, Y, Z zinarudi kuwa na maana. Kati ya tangi na tandiko acha chuma kizungumze na chuma: kama utachomelea, viunganishe; kama utalilaza tu, weka mgusano. Mkazo usio wa kweli utazaliwa kwenye bolti, mbali na tumbo la tangi, na hautakudanganya kuhusu ncha.

Ni jambo lilelile kwenye bomba lililofukiwa. Lile la gesi lililoanza kazi mwaka 2015, la kutoka huku kwetu hadi Dar es Salaam, lina kipenyo cha inchi 36. Mtu akitaka kulichambua halifungi kwenye udongo kana kwamba udongo ni jiwe. Anaweka springi kuzunguka uso wake, maana udongo unasukuma na unakubali. Uso wa mviringo karibu kila mara umekaliwa na kitu kinachokubali kidogo.

Jaribu hali mbili za bamba la chini. Ya kwanza, matandiko yote mawili yamefungwa sakafuni. Ya pili, moja limefungwa na la pili linateleza kufuata urefu. Ziweke picha hizo mbili pembeni kwa pembeni.

Usisahau siku ya majaribio. Kabla ya mvuke tangi litajazwa maji na kupandishwa presha kupita ile ya kazi, na mkaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) atataka kuona. Maji ya silinda hii ni karibu tani tatu, mwili wa pleti kama kilo 460, bila kuhesabu vichwa (vifuniko vya mwisho wa silinda). Jumlisha nguvu zinazojibu kwenye bamba za chini: bila vichwa ziwe karibu kN 33, nusu kwa nusu. Zikitoka nyingine, kuna kitu umekisahau au umekifunga mara mbili. Na mlango: kwa bar 2 mvuke unausukuma kwa nguvu ya tani 23. Hiyo ihesabie bolti zake peke yake, usiichanganye na hesabu hii.

Mwanafunzi wa uhandisi, Lindi mjini

Mzee shikamoo. Kuna njia ya kuhakiki ncha za matandiko kwa kalamu?

Mstaafu wa Mikindani

Marahaba. Ipo ya Zick, ya mwaka 1951, ya matangi yaliyolala juu ya matandiko mawili. Mpaka leo inatumika. Itafute, inafaa kulinganisha na matokeo ya dada yako. Yeye amefanya vizuri kuweka nyuzi 120 na kuweka matandiko nusu ya nusukipenyo kutoka mwisho. Kichwa cha tangi kinasaidia kulishikilia duara lisibonyee.

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Nimechelewa kurudi, umeme ulikatika siku mbili na hesabu ya mgusano inachukua saa tano kwenye kompyuta yangu.

Nimejenga matandiko yote. Nguvu za kujibu zimetoka kN 33.4 nikiwa na maji, 16.7 kila upande. Sawa na ya mzee.

Hali ya kwanza, bamba zote mbili zimefungwa: kwenye ncha ya tandiko mkazo 215, upande unaotazama katikati ya tangi. Hali ya pili, bamba moja linateleza: 90 na kitu kwenye ncha ileile. Nimekaza meshi mara mbili, 215 imekuwa 221 na 90 imebaki kwenye tisini na tano. Hazikimbii tena.

Nilipoiona picha ya hali ya kwanza nilinyamaza kimya. Rangi nyekundu iko palepale. Nilichukua simu nikafungua picha niliyopiga Tandahimba, nikaiweka kando ya skrini. Ufa unaanzia kwenye doa jekundu na unaelekea kule rangi inakoelekea. Na kwenye picha ileile, chini, ambako msimu uliopita sikupatazama kabisa, matandiko yote mawili yamechomelewa kwenye reli ya chuma iliyomiminiwa zege. Hakuna tundu refu, hakuna nafasi hata ya karatasi. Kila tangi likipikwa linarefuka mm 2.5, na kila likipoa linarudi, mara kadhaa kwa siku, msimu mzima. Fundi yule alichomelea vizuri. Alifunga kama nilivyofunga mimi kwenye skrini, ila yeye alifunga kwa elektrodi.

Nimeshampigia. Mwanzoni hakupenda, baadaye akaniuliza akate upande gani. Nimemwambia tandiko lililo mbali na bomba la kuingizia mvuke, ili bomba lisivutwe, na ule ufa usifunikwe tena, kipande kikatwe na kubadilishwa, kikaguliwe kabla ya kuwashwa.

Langu litakuwa na matundu ya mviringo upande wa mlango na marefu upande wa pili, marefu kwa mm 12 zaidi ya bolti. Nimezungusha kona za pleti inayokaa kati ya tandiko na tumbo, zilikuwa kali. Swali langu la mwisho, mzee: bolti za upande unaoteleza nizikaze kiasi gani? Nikizikaza zote nitakuwa nimefunga tena.

Mstaafu wa Mikindani

Zikaze kwa mkono mpaka nati iguse, rudisha robo mzunguko, kisha weka nati ya pili juu yake uzikaze zote mbili pamoja zisilegee. Chini ya bamba weka pleti laini iliyosafishwa, uipake grisi inayovumilia joto. Bila grisi, chuma juu ya chuma kitashika kwa karibu theluthi ya uzito uliopo juu yake, yaani kama kN 5 siku ya maji. Iweke hiyo kN 5 kwenye hali ya pili uone ncha inasemaje. Na mwambie atakayepaka rangi asizibe yale matundu marefu.

Fundi wa Chikongola, Mtwara

Nimeiweka. 95 imekuwa 101. Kesho nakata pleti.